Kubana Matumizi na Kumaliza Mapema Mkopo wa Nyumba: Familia za Kariakoo na Katikati ya Jiji la Dar es Salaam

Mkopo wa nyumba wa benki hubebwa na familia chache Tanzania. Deni lote la mikopo hiyo halifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na wakopaji ni maelfu machache katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Riba yake kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, kutegemea benki na mkopaji. Familia ya Kariakoo, Gerezani, Upanga au Ilala iliyouchukua hujikuta inalipa nyumba moja kwa bei ya mbili au zaidi, na njia iliyo mikononi mwake ya kuipunguza bei hiyo ni kulipa haraka kuliko mkataba unavyodai. Kulipa haraka kunataka fedha. Kwa wenye kipato cha kawaida fedha hiyo haina pa kutoka isipokuwa ndani ya matumizi ya nyumbani.

Uhaba wa mikopo hii una historia. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru. Mwaka 1971 sheria ikayataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na mengi yalikuwa katikati ya jiji. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi 1990, ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1972, ililemewa na madeni yasiyolipika na ikafungwa 1995. Kwa zaidi ya miaka 10 baada ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na pa kwenda kukopa fedha za nyumba kwa muda mrefu. Sheria mbili za 2008 ndizo zilizofungua njia: moja ya mikopo ya rehani, nyingine ya umiliki wa sehemu ya jengo. Hii ya pili iliruhusu flati moja ndani ya ghorofa iwe na hati yake, jambo lenye uzito mkubwa Upanga na Kariakoo ambako ardhi imekwisha na nyumba zinapanda juu. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kumkopesha mnunuzi kwa miaka 15 au 20.

Katika miaka ile ya pengo watu walijenga wenyewe, na hadi leo wengi hujenga hivyo: kiwanja kwanza, kisha msingi, tofali za mwaka huu, mabati ya mwaka ujao, kuhamia kabla ya plasta. Ujenzi wa polepole hauna riba ya benki, ila una kodi ya nyumba inayoendelea kulipwa na bei ya saruji na nondo inayopanda ukuta ukisubiri. Wengi huuharakisha kwa mkopo wa mshahara au wa SACCOS wa miaka michache. Anayechukua mkopo wa nyumba hupata paa mara moja, na gharama ya uharaka huo ndiyo riba. Akimaliza deni kwa miaka 8 au 9 badala ya 15, anakuwa amepata paa la haraka bila kulilipia bei yote ya muda.

Ukubwa wa bei hiyo huonekana kwenye hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 17, muda wa miaka 15, riba ikitozwa juu ya salio linalopungua, una rejesho la takribani 923,000 kwa mwezi. Hiyo ni karibu mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa umma, kilichopandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, kwa hiyo mkopo wa kiasi hiki ni wa nyumba yenye vipato viwili au yenye biashara. Mwezi wa kwanza, katika zile 923,000, riba inachukua 850,000. Kinachopunguza deni lenyewe ni 73,000 tu. Baada ya mwaka mzima familia imelipa zaidi ya milioni 11, lakini bado inadaiwa zaidi ya milioni 59. Mkataba ukienda mpaka mwisho wake, jumla ya malipo inafika karibu milioni 166, na kati ya hizo milioni 106 ni riba.

Familia hiyohiyo ikiongeza 150,000 kila mwezi tangu mwanzo, deni linaisha kwa miaka 9 na miezi 4 hivi, na riba inapungua kwa zaidi ya milioni 46. Wakati wa kuongeza nao una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Shilingi milioni 5 zikilipwa kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka wa kwanza zinafuta kama miaka mitatu na nusu ya marejesho na kuokoa riba ya takribani milioni 34. Milioni 5 hizohizo zikilipwa mwishoni mwa mwaka wa 10 zinaokoa chini ya milioni 6. Kubana matumizi kuna maana kubwa zaidi katika miaka mitatu au minne ya mwanzo, yaani miaka ileile ambayo familia imechoka kwa kutafuta kianzio, ina hamu ya kununua makochi na kuweka geti, na inaona deni ni la muda mrefu hivyo hakuna haraka.

Katika nchi ambako mikopo ya nyumba hutolewa kwa asilimia 3 au 4 na riba isiyobadilika kwa miaka 30, kuna hoja nzuri ya kutolipa mapema: fedha ya ziada huweza kuzaa zaidi kwingine, na mfumuko wa bei hulila deni taratibu. Dar es Salaam hoja hiyo haina miguu. Mfumuko wa bei Tanzania umekuwa kati ya asilimia 3 na 4 kwa mwaka, hivyo deni la asilimia 17 halimomonyoki lenyewe. Kila shilingi inayopunguza deni hilo inampa mlipaji faida ya asilimia 17 isiyo na mashaka, ambayo akaunti ya akiba haiikaribii na mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS kwa kawaida haiifikii. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayezungusha mzigo mara kadhaa kwa mwaka ndiye mwenye hoja ya kweli ya kupinga, maana mtaji wake unaweza kuzaa kuliko riba ya benki. Lakini faida hiyo ina hatari zake, na hesabu yake ifanywe baada ya kutoa kodi ya fremu, ushuru na mzigo uliolala.

Kabla ya kubana hata shilingi moja, mkataba usomwe. Malipo ya ziada huweza kushughulikiwa kwa namna mbili: rejesho libaki lilelile na muda upungue, au muda ubaki na rejesho lishuke. Hesabu zilizotolewa hapo juu ni za namna ya kwanza. Namna ya pili huipa familia nafuu ya mwezi hadi mwezi, lakini riba nyingi hubaki palepale. Kuna pia fedha ya ziada inayokaa tu kwenye akaunti ikisubiri rejesho lijalo bila kupunguza deni, kwa sababu mteja hakutoa maelekezo ya maandishi. Iulizwe kama kuna tozo ya kulipa kabla ya muda, kama riba ni ya kudumu au hubadilika, na kama mteja ana haki ya kupata taarifa ya salio kila baada ya malipo ya ziada.

Wakazi wengi wa Kariakoo na Ilala ni Waislamu wasiotaka riba, na tangu Amana Bank ianze shughuli 2011, pamoja na madirisha ya aina hiyo katika benki nyingine, wamekuwa na njia nyingine. Hesabu ya kulipa mapema hapo ni tofauti kabisa. Katika murabaha benki hununua nyumba na kumuuzia mteja kwa bei iliyokwisha kuongezwa faida, na bei hiyo haibadiliki. Anayemaliza kwa miaka 7 badala ya 12 anadaiwa bei ileile, isipokuwa benki yenyewe iamue kumpunguzia. Katika ubia unaopungua, mteja hununua hisa za benki ndani ya nyumba kidogo kidogo na kulipa kodi kwa sehemu iliyobaki. Akinunua hisa nyingi mapema, kodi inapungua. Familia iliyo kwenye murabaha isijinyime kwa kufuata mahesabu ya jirani mwenye mkopo wa riba kabla ya kupata jibu la benki kuhusu punguzo hilo.

Upande wa matumizi, jambo lenye mizizi zaidi ni hela ya matumizi ya kila siku. Nyumba nyingi za mjini huendeshwa kwa fedha inayoachwa asubuhi mezani au kutumwa kwa simu: elfu kumi, elfu kumi na tano, siku ya nyama elfu ishirini. Fedha ya siku hununua kwa kupima, kama vile mafuta ya kula ya kipimo, sukari ya robo, mkaa wa kopo, nyanya za fungu, sabuni ya kipande. Kila kinachopimwa kidogo kidogo hulipiwa ghali zaidi kwa kilo au lita. Familia inayoishi hatua chache kutoka soko la jumla kubwa kuliko yote nchini inaweza kuwa inanunua kwa bei ya duka la Mangi, na wakati mwingine kwa daftari, kwa sababu tu fedha haikai mkononi zaidi ya saa chache.

Dawa yake ni kubadili mzunguko wa fedha hata kama kiasi ni kilekile. Vitu visivyooza, yaani mchele, unga, maharage, sukari, mafuta, sabuni na gesi, hutolewa kwenye hela ya siku na kununuliwa mara moja au mbili kwa mwezi. Hela ya siku hubaki ya mboga, samaki na matunda. Hili linamtaka mshika matumizi, ambaye mara nyingi ni mama wa nyumba, akabidhiwe fedha ya mwezi na mamlaka juu yake. Pale ambapo baba anaendelea kuhesabu noti kila asubuhi, mpango huu haufiki mbali. Mazingira nayo yana vikwazo vyake. Chumba na sebule katika nyumba ya Kiswahili hakina stoo, unyevu wa pwani huharibu unga haraka, na maharage huingia wadudu. Kwa hiyo gunia la kilo 100 halifai kwa wengi. Mfuko wa kilo 25, au gunia moja linalogawanywa na wapangaji wa ua mmoja, hutoa karibu nafuu yote ya bei ya jumla bila hasara ya kuharibika. Mchele mpya ukianza kuingia kutoka Kilombero, Mbeya na Shinyanga katikati ya mwaka, bei huwa laini kuliko ilivyo Februari na Machi. Huo ndio wakati wa kununua wa miezi miwili au mitatu.

Soko lenyewe limebadilika. Jengo la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975 liliungua Julai 10, 2021, na wafanyabiashara wa vyakula wakatawanyika katika masoko mengine ya jiji. Tangu hapo mnunuzi makini hujifunza ramani pana zaidi: Kisutu kwa mboga na kuku, Ilala kwa mboga na viungo, Mabibo kwa ndizi na mazao ya shambani, Tandale kwa nafaka, Feri alfajiri kwa samaki wa mnada wanaogawanwa na majirani watatu au wanne. Nauli na muda vihesabiwe. Safari ya Mabibo kwa ajili ya mkungu mmoja hailipi. Ya ununuzi wa wiki mbili inalipa.

Umeme una mstari mmoja ambao wengi hawaufahamu. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na anayezidisha hulipa 350 kwa kila uniti ya juu yake. Mteja wa kundi la kawaida hulipa 292 kwa kila uniti, kabla ya kodi na tozo. Nyumba inayotumia uniti 70 hulipa 7,000 katika kundi la kwanza na zaidi ya 20,000 katika la pili. Tatizo la katikati ya jiji ni kwamba vyumba sita vya nyumba moja hutumia mita moja ya LUKU, na jumla yao haiwezi kubaki chini ya 75. Mita ndogo za ndani husaidia kugawana gharama kwa haki lakini hazibadilishi kundi. Mwenye flati na mita yake ndiye anayeweza kunufaika, akiacha jiko la umeme na pasi ya kila siku. Nafuu ni ya maelfu machache, na inafaa ichukuliwe hivyo: ni nzuri, lakini haimalizi mkopo.

Uzito uko kwenye vitu vichache vikubwa, na cha kwanza ni mahali pa kuishi. Nyumba zinazonunuliwa kwa mkopo ziko zaidi pembeni ya jiji, Kigamboni, Goba, Madale, Mbweni, wakati kazi na biashara ziko Posta na Kariakoo. Familia ikihamia huko inaanza kulipa nauli za watu wanne au watano, na pengine gari na mafuta yake. Anayetumia bodaboda kwa 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, siku 24 za kazi, anatumia 144,000 kwa mwezi, kiasi kinachokaribia kabisa zile 150,000 zinazokata miaka mitano na ushee ya mkopo katika mfano uliotangulia. Kuna njia ambayo wachache huifuata ingawa ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kuipangisha nyumba mpya na kuendelea kukaa katikati ya jiji kwa miaka ya mwanzo, hasa kwa aliye mpangaji wa Shirika la Nyumba au anayekaa katika nyumba ya urithi Kariakoo. Wazazi hutembea kwenda kazini, watoto hutembea kwenda Uhuru Mchanganyiko au Mnazi Mmoja, na kodi ya nyumba mpya inaingia yote kwenye deni, mara nyingi kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka kama desturi ya jiji ilivyo. Gharama yake ni ya moyoni. Mtu amejenga au amenunua, ndugu wanataka kwenda kuiona, na yeye bado anakaa chumba na sebule mtaa wa Sikukuu. Miaka mitatu ya namna hiyo ni adhabu nzito kwa nyumba yenye watoto wakubwa, na familia inayoshindwa kuivumilia isilaumiwe.

Kinyume chake pia kipo. Mwenye kiwanja Kariakoo anayekopa kuendeleza nyumba yake ya zamani ya vyumba sita ana mlango wa barabarani, na mlango huo ni fremu. Kodi ya fremu katika mitaa kama Kongo, Narung'ombe au Aggrey inapita mbali kodi ya chumba cha kulala, na mpangaji mara nyingi hutoa kilemba kabla ya kuingia. Kilemba ni mkupuo wa mara moja, na kishawishi cha kukitumia kwa gari au sherehe ni kikubwa. Kikiingizwa kwenye deni katika mwaka wa kwanza hufanya kazi ambayo hakuna kubana unga na sukari kunakoweza kuifanya. Familia nyingine hazikopi kabisa: humpa mwekezaji kiwanja, naye hujenga ghorofa na kuziachia sakafu au flati kadhaa kwa mkataba wa ubia. Hapo deni la benki halipo, lakini mkataba usiosomwa na mwanasheria unaweza kuipotezea familia ardhi ambayo babu aliipata siku Kariakoo ilipokuwa bado ya nyumba za udongo.

Kitu kikubwa cha pili ni shule. Ada ilifutwa katika shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita mwaka wa fedha 2022/23. Familia yenye watoto watatu katika shule binafsi za Kiingereza inaweza kuwa inalipa kwa mwaka ada inayotosha marejesho kadhaa ya nyumba. Kuwahamisha watoto kwa ajili ya deni ni uamuzi mzito, kwani madarasa ya umma mjini yamejaa na mtoto aliyezoea Kiingereza huhitaji muda kuzoea masomo kwa Kiswahili. Wakati usio na maumivu makubwa ni ule wa kuvuka ngazi: mtoto anayemaliza darasa la saba kuingia sekondari ya umma, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza vilevile. Basi la shule, twisheni isiyo ya lazima na sare za duka maalumu ni sehemu za kwanza za kupunguza kabla ya kugusa shule yenyewe.

Cha tatu ni michango. Harusi, kitchen party, send-off, maulidi, msiba wa kijijini: kadi na makundi ya WhatsApp hufika bila kukoma, na kila kimoja kina haki yake. Ndugu ndio bima ya kwanza ya Mswahili, na familia inayojitoa kabisa kwa ajili ya deni la benki itakuwa peke yake siku ya ugonjwa. Kinachofaa ni fungu moja la mwaka, lililokubaliwa na mume na mke, lenye nafasi ya kwanza kwa msiba na ugonjwa. Harusi zinazobaki zipate kile kilichobaki, na sare za kitenge zisizolingana na fungu hilo zikataliwe mapema na kwa heshima. Watu wa mjini huelewa zaidi kuliko inavyohofiwa, mradi jibu lije kabla ya siku ya kikao.

Kipato cha Kariakoo hakiji kwa mwezi. Mauzo hupanda kabla ya Idi, kabla ya Krismasi na kabla ya shule kufunguliwa Januari, kisha hulala. Kwa kipato cha aina hiyo nyongeza ya kila mwezi haifai. Kinachofanya kazi ni rejesho la kawaida kulindwa mwaka mzima, na mikupuo miwili au mitatu kulipwa misimu ikimalizika. Kikoba kinaweza kupangwa kiende na hesabu hiyo: kikivunjwa mwezi fulani, gawio lake liwe tayari limetengewa benki. Upatu nao unafaa, kwa sababu mzunguko wake humlazimisha mtu kuweka kile ambacho peke yake asingekiweka. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na usajili una manufaa kwa mwanachama pale fedha inapoyeyuka.

Kubana kuna mpaka, na kuuvuka huja na gharama kubwa kuliko riba. Shilingi iliyolipwa kwenye mkopo hairudi kwa urahisi siku ya haja. Moto wa 2021, na jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu wengi, viliwaonyesha wafanyabiashara jinsi mtaji wa miaka unavyotoweka kwa siku moja. Aliyekuwa amemwaga akiba yote kwenye nyumba hubaki na nyumba na rejesho, bila mzigo wa kuuza. Baadhi yao ndio hukimbilia kausha damu, mikopo ya mitaani ya wiki na siku, ambayo riba yake humeza kwa miezi michache nafuu yote iliyopatikana kwa miaka. Kwa hiyo akiba ya marejesho matatu mpaka sita, iliyowekwa mahali inapotoka kwa siku chache kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, itangulie malipo yoyote ya ziada. Bima ya afya itangulie pia. Chakula cha watoto kisiguswe kabisa: dagaa, maharage, mchicha na matunda ya msimu ni vya bei nafuu mjini, na nyumba inayoanza kuruka mlo ili kulipa deni imekwisha kukosea hesabu mahali pengine.

Upande wa pili wa mpaka ni kushindwa kulipa. Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa 2008, inataka benki itoe taarifa ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza nyumba iliyowekwa rehani. Siku hizo ni za kwenda benki kuomba mpango mpya. Anayezitumia kukwepa simu hukutana na dalali wa mnada. Aliyelipa mapema kwa namna ya kupunguza muda na sasa amekwama anaweza kuomba muda urudishwe mrefu, na historia yake nzuri humsaidia.

Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi; ndivyo sheria isemavyo, na ridhaa hiyo hutolewa kwa maandishi. Busara ya ridhaa hiyo inafaa iendelee baada ya sahihi, kwa sababu anayebana matumizi kila siku na anayepeleka fedha benki mara nyingi ni watu wawili tofauti. Taarifa ya salio ionwe na wote wawili kila baada ya miezi mitatu. Mama anayepunguza mafuta ya kupikia bila kuwahi kuona deni limeshuka kiasi gani ataacha, na ana haki ya kuacha.

Waajiriwa wengi hupanga kumaliza deni kwa mafao ya uzeeni. Mpango huo umedhoofika. Kanuni mpya ya 2022 iliweka mkupuo wa kwanza kuwa asilimia 33 ya mafao, na mabadiliko ya 2024 yaliupandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Kwa mtumishi aliyezoea hesabu ya nusu, fedha ya kumalizia nyumba imepungua, na pensheni ya mwezi inayobaki ni ya kula. Mwenye miaka 45 leo, mwenye mkopo wa miaka 15, anafika miaka 60 ya kustaafu kwa lazima siku deni linapoisha; kila mwaka anaoukata sasa ni mwaka wa mshahara kamili kabla ya mshahara kukoma.

Deni likifika sifuri kazi haijaisha. Benki hutoa barua ya kumaliza mkopo na hati ya kuondoa rehani, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati ili jina la benki lifutwe kwenye kumbukumbu za ardhi. Mpaka hapo nyumba bado inaonekana ina deni, hata kama hati imerudi kabatini. Ada za usajili huo zitengwe mapema. Bima ya maisha iliyofungwa na mkopo iulizwe, kwani aliyeilipia miaka 15 kwa mkupuo na kumaliza kwa miaka 9 anaweza kuwa na sehemu ya kurudishiwa kulingana na mkataba wake. Kodi ya pango la ardhi ilipwe hadi mwaka husika. Kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, ihakikiwe kuwa imeingia kwenye mita sahihi. Mwenye flati ahakikishe pia kwamba hana deni la michango ya utunzaji wa jengo, kwa kuwa deni hilo huibuka siku anapotaka kuuza au kurithisha.